Beba Koti, Njoo na Njaa

Ukialikwa Makunduchi mwezi wa Julai, beba koti zito. Wakati huo Unguja iko katikati ya kipupwe, kusi inavuma kutoka baharini, na alfajiri bibi anayefagia uani hujitanda kanga ya pili mabegani. Hiyo ndiyo baridi yetu ya mwaka. Wenye theluji wataicheka, lakini mtoto wa pwani huamshwa kuoga saa kumi na mbili akalia kwa sababu yake. Hata hivyo, koti nililokwambia ubebe si la baridi. Ni la kupigiwa.

Sherehe yenyewe ni Mwaka Kogwa. Kogwa ni kuoga kwa lahaja ya Makunduchi: mwaka unaogeshwa, taka zake za miezi kumi na miwili zinatoka, mwingine unaingia msafi. Zimo fimbo, zimo nyimbo za kuvunja mbavu, umo moto, kimo chakula kingi. Watalii wengi hujua habari za fimbo na moto. Mimi nakuandikia hasa habari za chakula, kwa sababu huko ndiko wageni wanakoharibu.

Kwanza lakini upate tarehe, na usiitafute kwenye kalenda ya ukutani. Mwaka Kogwa hufuata Nairuzi, mwaka wa jua ambao watu wa pwani wanaunasibisha na Uajemi. Wairani husherehekea Nowruz yao mwezi wa Machi, usiku na mchana vinapolingana. Nairuzi yetu ina siku 365 kamili wala haiongezi siku ya Februari, kwa hiyo kila miaka 4 hurudi nyuma siku 1 tukiilinganisha na kalenda ya ofisini. Katika karne ya 19 ilikuwa ikiangukia Agosti. Siku hizi ni Julai, na vitukuu wetu wataisherehekea Juni.

Siku zake huhesabiwa kwa miongo, yaani kumi kumi, na wenye hesabu hiyo ni wazee wa jembe na wazee wa bahari. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, ndiyo maana Ramadhani huzunguka misimu yote; huwezi kuufuata ukajua lini mvua itanyesha. Basi pwani ikaishika miaka yote miwili, wa mwezi kwa ibada na wa jua kwa shamba na ngalawa. Napenda sana akili hiyo, na inanisikitisha kuona vijana wanaojua siku ya fainali ya kombe lakini hawajui leo ni mwongo wa ngapi.

Njia ya hakika ya kuipata tarehe, basi, ni kumwuliza mtu wa Makunduchi. Kumwuliza kuna faida nyingine: kabla hajakujibu, yeye atakuuliza utafikia kwa nani. Ukijibu kwamba huna mtu, umeshampata.

Nenda siku moja kabla. Kutoka mjini panda daladala namba 310, na usishangae ukipakatishwa sufuria ya mtu, maana wenyeji waliohamia mjini wanarudi kwao na vyombo vyao, na wengine wametoka mbali zaidi, Bara na ng'ambo. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo beba sukari kilo mbili, mchele, majani ya chai. Dada, kanga ya kujifunika chukua. Kaka, suruali iwe ndefu. Ukifika piga hodi, waamkie wakubwa shikamoo mmoja mmoja bila kumruka yule aliyekaa kimya pembeni. Huyo wa pembeni ndiye hasa atakayekumbuka kwamba hukumwamkia.

Sasa koti. Asubuhi ya siku yenyewe utawaona vijana wakivalishwa kama watu wanaosafiri kwenda kwenye barafu. Nilikaa kibarazani nikamtazama mama mmoja akimwandaa mwanawe: fulana mbili, sweta, jaketi la mvua, halafu juu ya yote koti la sufu refu ambalo sijui lilifikaje Unguja, akalifunga kiunoni kwa kamba ya katani kwa sababu vifungo vilishakwisha zamani. Mwisho akamvisha helmeti ya pikipiki. Kijana alikuwa akichuruzika jasho hata kabla hajavuka kizingiti. "Mama, siwezi kupumua," akasema. "Utapumua ukirudi," mama akajibu, akamkabidhi pande lake la mgomba.

Mapande ya mgomba ndiyo silaha. Watu wa upande wa kusini na wa upande wa kaskazini hukutana uwanjani, hutukanana kidogo, kisha hutandikana. Mgomba ni laini, una maji mengi, ukipiga unapasuka; lakini usidanganyike, unauma, na ndiyo maana ya makoti. Kinachopigwa hapo ni kinyongo cha mwaka mzima. Mpaka wa shamba uliosogezwa, deni lisilolipwa, neno lililosemwa harusini, vyote vinamalizwa pale, na ukishatoka uwanjani huruhusiwi kuvibeba tena. Yule kijana wa koti la sufu nilimwona baadaye chini ya mnazi, ameinua mkono wa shati, anamwonyesha mwenzake uvimbe. Mwenzake ndiye aliyeutia. Walikuwa wakinywa dafu moja kwa zamu.

Je, mgeni aingie uwanjani? Ukiwa na koti, na kijana wa nyumba uliyofikia akakushika mkono kukuingiza, ingia. Piga kwa kiasi, pigwa kwa moyo mkunjufu. Ukiwa huna koti, kaa kando na watoto, na hata kando usigeuze mgongo, maana mapigano hayo hutembea.

Wakati wanaume wanafanya vumbi, wanawake wanazunguka uwanja kwa makundi, wamevaa nguo zao bora, wanja machoni, hina mikononi, wanaimba. Nyimbo hizo sitakuandikia. Ziko za mapenzi, ziko za kuwasema wanaume, na ziko zinazoeleza mambo ya chumbani kwa uwazi ambao siku nyingine 364 hutausikia kijijini. Ukisikia kicheko kikali kikapita kundi zima, usimwombe jirani yako tafsiri. Cheka. Na kabla ya kutoa simu kupiga picha, omba ruhusa kwa mdomo, si kwa kuinua simu na kutabasamu. Kina mama hao wanaimba kwa ajili yao wenyewe na waume zao, na uso wa mtu ni mali yake hata siku ya sikukuu.

Kisha moto. Kibanda kidogo cha makuti makavu kimejengwa, mzee anaingia ndani, kinawashwa, naye anachomoka akikimbia huku watu wakipiga kelele. Hapo fanya kama wenyeji: mzee mwache aende zake, wewe tazama moshi. Uelekeo wake husomwa na wazee kuwa dalili ya mwaka unaoingia. Inachukua dakika chache tu, maana makuti makavu hayachelewi.

Na hapa ndipo wageni wanapoharibu. Mwaka mmoja lilikuja basi dogo la watalii karibu na adhuhuri. Kila abiria alikuwa na boksi lake la chakula kutoka hotelini: mkate, yai la kuchemsha, tunda, maji. Walishuka, wakaona moshi, wakaupiga picha, wakapanda, wakaanza kula huku basi linageuza. Nyumba ya pili kutoka barabarani alisimama mama mmoja mlangoni. Nyuma yake, juu ya mkeka, palikuwa na sinia limefunikwa kawa jipya la ukili wa rangi. Alilitazama lile basi mpaka likapotea kwenye kona, halafu akainama akalisogeza sinia kivulini. Hakusema kitu. Jambo hilo liliniuma, na linaniuma mpaka leo.

Kwa sababu wenyeji wa Makunduchi husema kwamba nyumba isiyopata mgeni siku ya mwaka haiuanzi mwaka vizuri. Mgeni njoo, mwenyeji apone: kwingine tunaisema methali hiyo kwa adabu tu, lakini huko wanaisema kama mtu anavyosema habari ya dawa. Yule mama hakuwa na chakula cha ziada cha kugawa. Alikuwa anamhitaji mtu. Basi dogo zima la watu lilipita mbele ya mlango wake, na hakuna aliyewaambia kwamba wao ndio waliokuwa wakingojwa.

Kwa hiyo kazi yako, msafiri, ni kula, na kazi hii ina ufundi. Usinywe chai nzito asubuhi. Nyumba ya kwanza itakuwa na wali wa nazi na mchuzi wa pweza, na pweza wa pwani ile ya mashariki akipikwa na mtu anayemjua hulainika mpaka hahitaji meno. Utashawishika kumaliza hapo hapo. Usimalize. Bado kuna nyumba ya shemeji yao, na ya jirani aliyekusalimia jana, na ya yule bibi wa pembeni, ambaye kwake kuna pilau ya kuku wa kienyeji na mkate wa kumimina uliotoka motoni sasa hivi, pembeni umekauka kidogo, katikati laini na unanukia hiliki. Kila nyumba kula kidogo, lakini kula kweli. Nawa wakikuletea birika na bakuli, sema bismillahi, tumia mkono wa kulia, kula mbele yako wala usichimbe upande wa mwenzio, na ukisukumiwa mnofu usiurudishe. Ukiulizwa umeshiba, usijibu haraka. Mpishi anapenda kukuona ukiwaza.

Na kaa. Kwa desturi sherehe huenda siku 4, na usiku kuna ngoma na muziki. Hata ufukweni asubuhi ya pili kuna watu wanaotembea kama hawakulala, kwa sababu hawakulala. Kama utapata nafasi, kijiji cha jirani cha Kizimkazi kina msikiti wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107, ukutani kwenye kibla, na watu wanaswali humo mpaka leo. Nenda ukautazame asubuhi kisha urudi kwa chakula cha mchana, kwani utakuwa umewekewa.

Siku ya tatu, unajua mwenyewe, mgeni hupewa jembe. Usingoje kupewa. Nenda jikoni uani, vuta mbuzi, kaa, ukune nazi. Watakukataza mara mbili. Mara ya tatu watakuachia na kukaa kukutazama. Ikune taratibu, ukizungusha kifuu, na ukiona weusi wa ganda unakaribia simama, maana ukiuchanganya tui linakuwa na rangi ya maji ya mfereji na mchuzi wote unachukua lawama yako. Nazi mbili zikikutoka salama utaacha kuitwa mgeni. Utaitwa kwa jina, na kwa sauti kubwa, kutoka upande wa pili wa ua, uje uangalie chungu.

Asubuhi ya kuondoka utafungiwa kitu kwenye jani la mgomba: mkate, au mihogo, au pweza aliyekaangwa mkavu ili asiharibike njiani. Pokea kwa mikono miwili. Uliza mwaka kesho itakuwa siku gani, nao wataanza kuhesabu kwa sauti, mmoja atakosea, mwingine atamsahihisha, bibi atawanyamazisha wote na kukupa jibu.

Koti utaliacha. Kijana wa nyumba ameshalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, bado lina majimaji ya mgomba kwenye kola, na ukimwomba akupe atakwambia analitunza yeye, litakuwa pale pale ukija kulichukua.