Baiskeli Tatu za Kwenda Lushoto

Mume wangu ni mtu wa Lushoto, na kila Desemba tunapanda huko kumwona mama yake. Binti yetu mkubwa ni mwendesha baiskeli wa kweli. Huamka alfajiri, barabara ikiwa bado haijajaa daladala, akaenda hadi Bunju na kurudi kabla ya chai. Mtoto wa namna hiyo ukimpeleka Usambara bila baiskeli yake, akaiona barabara ya Soni ikipindapinda mbele ya macho yake na hana cha kupandia, umemwonea. Mdogo wake hataki kuachwa na dada yake kwa lolote, na baba yao hataki kuachwa na watoto wake. Ndivyo suala la kusafirisha baiskeli tatu kutoka Dar es Salaam hadi milimani lilivyoingia nyumbani kwetu, likakaa miaka.

Mwaka wa kwanza zilisafiri ndani ya gari. Tulilaza viti vya nyuma nusu, tukazipanga kwa kupishanisha usukani na pedali, na Mama mkwe, aliyekuwa ametutembelea Dar, akakaa pembeni yake. Tulipofika Segera, mnyororo wa baiskeli ya mume wangu ulikuwa umekwisha kuchora mstari mweusi wa grisi kwenye kanga ya Mama, doti mpya kabisa. Mama mkwe hakusema neno. Alipofika kwake aliiloweka kanga ile kwenye ndoo, akaiweka ndoo mlangoni. Mimi kilichonitisha si grisi. Baiskeli ya kilo 14 iliyolala nyuma ya shingo za watu haibaki mahali pake dereva akikanyaga breki za ghafla. Nikasema haziingii tena ndani.

Mwaka uliofuata zilitangulia kwa basi, chini ya magunia. Baiskeli ya binti ilifika na kile kidude cha nyuma kinachohamisha mnyororo kimepinda kuelekea kwenye spoku, na fundi wa kukinyoosha akapatikana likizo ikiwa imekaribia kwisha. Hapo ndipo lilipokuja neno keria.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anaishi Houston. Aliposikia habari hizi alifurahi kupata namna ya kusaidia. Akanunua keria nzuri ya kufunga nyuma ya gari, akaiweka kwenye kontena la jamaa zake waliokuwa wanaleta vitu nyumbani, na baada ya miezi kadhaa tukaipokea boksi zima, bolti zote zikiwa ndani ya vifuko vyake. Watoto waliifungua sebuleni. Ilikuwa na mkono mnene wa chuma wenye pembe nne, upana wa inchi 2, na sisi sote tukatoka nje na tochi kutafuta chini ya bampa mahali mkono huo unapoingia. Hapakuwa na mahali.

Wenzetu wa Marekani magari yao mengi yana tundu la pembe nne chini ya bampa kwa ajili ya kuvutia tela. La magari makubwa ni inchi 2, na la magari madogo mengi ni inchi moja na robo. Ulaya hawatumii tundu. Wao wana shingo ya chuma iliyopinda yenye kichwa cha mviringo cha milimita 50, na keria zao hukibana kichwa hicho. Keria ya upande mmoja haikai upande wa pili. Gari letu, la Kijapani, lile la aina ya tairi la spea mgongoni, lilishuka melini bila tundu wala kichwa, kama magari mengi yanayokuja kwetu kutoka Japani.

Mume wangu aliipeleka keria kwa mafundi wa Gerezani ili gari lichomelewe tundu. Nilikwenda naye. Fundi aliingia chini ya gari, akagonga kwa kifundo cha kidole hapa na pale, akatoka akijipangusa.

"Dada, hapa bati tupu," akaniambia. "Kuchomelea naweza. Lakini moto haugeuzi bati likawa chesisi."

Ninamheshimu fundi yule mpaka leo, kwa maana angeweza kuchukua hela yetu na sisi tungeondoka tunamshukuru. Keria na baiskeli tatu ni kama kilo 60, na kilo hizo zinaning'inia mbali na mahali zilipofungwa. Kila tuta unalovuka linazirusha juu na kuziangusha, na chuma cha mahali pamoja kinabeba kishindo hicho mara elfu. Chuma huchoka. Hakikatiki siku ya kwanza mbele ya fundi. Hukatika porini, na nyuma yako kuna pikipiki. Keria ya shemeji ikarudi nyumbani, ikawekwa stoo.

Likaja wazo la spea tairi. Zipo keria zinazofungwa juu ya tairi lile la mgongoni, na jirani yetu alikuwa nayo moja asiyoitumia. Tuliijaribu Jumamosi moja kwenda Bagamoyo. Kwenda tulikwenda vizuri. Kurudi, trafiki akatusimamisha.

"Habari ya safari, mama? Baba, namba ya gari iko wapi?"

Namba ilikuwa nyuma ya magurudumu mawili na mfuko wa maembe. Taa ya breki ya kushoto nayo haikuonekana. Hakututoza hata senti, ila alitukataza kuendelea vile, na alikuwa na haki: anayekufuata usiku haoni kwamba umekanyaga breki, na ukimgonga mtu hakuna atakayejua gari lilikuwa lipi. Binti yetu alishusha baiskeli yake, akavaa kofia, akarudi nyumbani akiendesha, na alifika kabla yetu kwa sababu ya foleni ya Tegeta. Siku ya pili yake mlango wa nyuma ukaanza kugoma kufunga. Ulikuwa umeshuka. Bawaba zake zilitengenezwa kubeba mlango na tairi, si mlango na tairi na keria na baiskeli.

Kwa hiyo tukageukia paa, ambalo mume wangu alilitaka tangu mwanzo.

Nataka kulitendea haki paa. Linaacha taa na namba wazi, mlango wa nyuma unafunguka, na gari halirefuki. Kampuni ya Thule ya Sweden, ambayo jina lake limeandikwa kwenye keria nyingi za paani duniani, ilianza mwaka 1942 kwa kuuza mitego ya samaki, na miongoni mwa vifaa vyake vya mwanzo vya gari, mwaka 1962, kilikuwamo cha kubebea mbao za kuteleza kwenye theluji. Hilo linaeleza mengi. Mbao zile ni nyepesi, zinalala, na mtu yeyote anazinyanyua. Mwenye ubao wa kuteleza kwenye mawimbi kule Kilifi au Diani atatumia paa bila tabu. Baiskeli inasimama wima, ni nzito, na inashika upepo.

Mume wangu alichora keria yake mwenyewe, na fundi mwingine akaitengeneza kwa skwea paipu, ikafungwa kwenye reli za paa. Ilikuwa kazi safi. Kabla haijapanda niliomba ipimwe kwenye mizani ya muuza nafaka wetu: kilo 34. Baiskeli tatu zilikuwa kilo 37. Kitabu cha gari kilikuwa cha Kijapani, lakini binti alikielekezea kamera ya simu, ikamtafsiria, na tukapata uzito ambao paa linaruhusiwa kubeba gari likitembea: kilo 75. Kwa magari mengi madogo kikomo hicho ni kati ya kilo 50 na 100, na uzito wa keria yenyewe umo ndani yake. Watu wengi huhesabu baiskeli tu. Chuma chetu peke yake kilikuwa karibu sawa na mizigo yote kiliyotakiwa kubeba.

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Tulipoivuka Chalinze na mume wangu akafikisha kilomita 80 kwa saa, gari likaanza kuimba. Ulikuwa mlio mnene, mfululizo, ukitoka juu ya vichwa vyetu na kuingia kwenye meno. Mdogo aliziba masikio. Mume wangu alisimama akafungua boneti, akasikiliza injini, akagusa magurudumu kuona kama kuna beringi iliyopata moto. Kila kitu kilikuwa shwari. Tukaondoka, ukarudi. Mabasi yalipotupita, upepo wake ulilisukuma gari pembeni, na mlio ukapanda juu kidogo kisha ukashuka.

Aliyeujua ugonjwa ni binti. Upepo ukikutana na bomba lililonyooka hujikunja nyuma yake kwa zamu, juu na chini, juu na chini, kwa mpigo mmoja urefu wote wa bomba, na mpigo huo ndio sauti. Ukilizungushia bomba kitu kwa mzunguko, upepo hauwezi tena kujikunja kwa pamoja. Ndiyo maana bomba za moshi za viwanda vingine zina ukingo uliozungushwa kama ngazi. Tulikuwa tumeingia nchi ya mkonge, mashamba yamenyooka pande zote mbili za barabara, na Korogwe kamba ya katani haikosekani. Tulinunua ya kutosha, watoto wakapanda juu ya kizingiti cha mlango, wakaizungusha kwenye kila bomba kuanzia mwanzo hadi mwisho, wakakaza mafundo. Kutoka hapo mpaka Mombo tulisikia redio. Nilijivunia sana mtoto yule siku hiyo, na kamba ile ni dawa ambayo mwenye keria ya bomba anaweza kuifanya leo kwa bei ya chapati chache.

Mombo hadi Lushoto ni kona tupu hadi karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Gari lenye kilo 71 kichwani huinama kwenye kona kuliko ulivyolizoea, na mume wangu alilipandisha polepole, kwa subira, malori yakitupigia honi. Tulifika salama. Yaani tulifika salama hadi kwa Mama.

Penye kona ya kuingilia uani kuna mparachichi alioupanda marehemu baba mkwe. Gari letu lina kimo cha mita 1.7, na baiskeli iliyosimama juu yake inaongeza mita moja na zaidi. Tawi lilishika usukani wa baiskeli ya binti, gari likaendelea mbele, na kitu kikalia juu kama mlango unaong'olewa. Tawi halikuvunjika. Mguu mmoja wa reli ndio uliong'oka kwenye paa, ukaacha bonde kwenye bati na tundu la bolti wazi, na mvua ya Lushoto haikukawia kulipata tundu hilo.

Mume wangu alikwenda moja kwa moja jikoni akachukua panga. Mama mkwe akasimama mbele ya mti.

"Mwanangu, huu aliupanda baba yako. Gari ndilo lipunguzwe."

Alikwisha kusema. Panga likarudi jikoni, na watoto wakapata nafasi ya kumwamkia bibi yao.

Likizo ilikuwa njema. Walipanda Magamba, walishuka Soni, walirudi na matope hadi masikioni. Ila mume wangu aliitwa kazini mapema, akatangulia kwa basi, na keria ikabaki na mimi na binti. Fundi wa Lushoto alikwisha kuirudisha reli na kuziba tundu. Kilichobaki ni kupakia. Mimi si mrefu. Nilisimama juu ya stuli ya Mama, binti akasimama kwenye kizingiti cha mlango wa pili, tukainyanyua baiskeli ya kilo 14 juu ya vichwa vyetu, mikono imenyooka, na kuitafutia njia yake bila kuiangusha kwenye kioo. Pedali ilichana rangi ya mlango. Bega langu liliuma mpaka Januari. Pale juu ya stuli niliamua, na uamuzi wangu haujabadilika: keria huchaguliwa na atakayeipakia siku mwenye nguvu hayupo.

Mwaka uliofuata fundi wetu wa Gerezani alitutafutia chuma cha kuvutia tela kilichotengenezwa kwa ajili ya gari la aina yetu, chenye tundu la inchi 2. Alikifunga kwa bolti kwenye matundu ambayo kiwanda kilikwisha kuyaacha pande zote mbili za chesisi, bila kuchomelea popote. Keria ya shemeji ikatoka stoo ikaingia kwa mlio mmoja. Fundi umeme alivuta waya wa taa hadi kwenye ubao unaokaa nyuma ya baiskeli ya mwisho, na namba ya pili ya gari tukaiomba kwa wanaoruhusiwa kuitengeneza.

Ina shida zake. Mlango wa nyuma haufunguki mpaka baiskeli zishuke, kwa hiyo dawa za Mama na chakula cha njiani hukaa mbele. Kwenye matuta makali mkia unaweza kugusa chini, lazima uyaendee taratibu. Lakini matumizi ya mafuta yamepungua. Takwimu za serikali ya Marekani zinasema sanduku kubwa la paani hupunguza umbali ambao gari linakwenda kwa lita moja kwa asilimia 6 hadi 17 kwenye barabara kuu, na la nyuma kwa asilimia 1 hadi 5. Mimi nainua baiskeli hadi kiunoni tu, peke yangu, na tunapita chini ya mparachichi.

Ukienda kununua ya kwako, nakuomba usiende peke yako. Nenda na aliye mfupi kuliko wote nyumbani kwenu, chukueni baiskeli nzito kuliko zote, mwambieni muuzaji kwamba mnataka kuipakia na kuishusha hapo hapo dukani. Hela itoke baada ya hapo.