Sifa za Helikopta Inayoanguka

Kila chombo kirukacho kimepata wa kukisifu. Ndege za abiria zina matangazo yake, droni zina wapiga picha wa harusi, hata kishada kina watoto wa mtaa mzima. Iliyobaki yatima ni helikopta ndogo ya rimoti, ile ya kujifunzia. Inatoka kwenye boksi asubuhi ya Idi, inapaa mpaka usawa wa feni, inasalimiana na pazia, na kabla pilau haijaiva imeshalazwa juu ya kabati ikiwa na panga moja pungufu. Watu huiita takataka. Mimi naiita mwalimu, na nitaitetea hata mbele ya mzazi aliyetoa pesa yake.

Nianze na nasaba, kwani haitoki ukoo mdogo. Mmarekani mmoja, Arthur Young, aliyesomea hesabu chuoni, alitumia zaidi ya miaka kumi, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, kuunda helikopta ndogo za majaribio huko Pennsylvania. Kazi yake kubwa ilikuwa kurusha na kuokota vipande. Mwishowe alifunga juu, pamoja na panga, kifimbo chenye uzito kwenye ncha zote mbili, na kile kidude kikatulia hewani. Mwaka 1941 aliupeleka ujuzi wake kwa kampuni ya Bell, na mwaka 1946 helikopta iliyozaliwa huko, Bell 47, ikawa ya kwanza kupata cheti cha matumizi ya kiraia Marekani. Basi tazama juu ya kichwa cha Syma S107, kihelikopta cha Kichina kinachojulikana dunia nzima: kifimbo kile kile kimekaa pale, na vizito vyake viwili. Kwa hiyo anayekicheka anamcheka babu wa helikopta za hospitali. Young mwenyewe baadaye aliachana na mashine akaandika vitabu vya falsafa. Sishangai. Mtu akiokota vipande muda wote huo, lazima aanze kujiuliza maswali makubwa.

Tabia za helikopta hii ndogo nazo ni za kupigiwa mfano. Ina seti mbili za mapanga, moja juu ya nyingine, zinazozunguka kinyume. Ya juu ikitaka kuuzungusha mwili huku, ya chini inauvuta kule, na kwa ubishi huo mwili unakaa kimya. Kipanga cha mkiani hakitazami pembeni kama cha helikopta kubwa; kinatazama juu, kazi yake ni kuinua au kushusha mkia ili chombo kiende mbele au kirudi nyuma. Kwenda ubavu haiwezi, na haijifanyi kuweza. Inapokea amri kwa miale ya aina ile ile ya rimoti ya televisheni, hivyo jua la mchana likiiwakia inakuwa kiziwi. Uzito wake haufiki gramu 50, hivyo upepo wa dirishani tu unaihamisha chumba. Mama yeyote anayetaka watoto wasizurure juani atambue kwamba ameletewa msaada. Halafu kuna betri: inaruka kwa dakika zisizofika kumi, kisha inadai karibu saa nzima ya chaji. Ni kifaa gani kingine cha dukani kinachofundisha subira kwa uwiano huo?

Lakini utukufu wake wote umo katika kuvunjika. Hapo ndipo mtoto ambaye hajawahi kushika bisibisi anaishika. Anagundua kwamba mapanga ya juu na ya chini si ndugu: yana herufi A na B, na ukiyachanganya, helikopta inanguruma kwa hasira bila kunyanyuka. Anagundua kwamba skrubu ya panga haikazwi mpaka mwisho, maana panga linatakiwa licheze kidogo, lijinyooshe lenyewe linapozunguka. Ikitetemeka, anakagua ncha iliyomeguka. Kama mapanga ni mazima, anachomoa shafti na kuibiringisha juu ya kioo aone kama imepinda. Ikigoma kuzunguka vizuri, mara nyingi ni nywele ya dada au uzi wa zulia uliojisokota chini ya gia. Kifimbo cha Young kikichomoka kwenye kiungo chake, kinarudishwa kwa kidole gumba na mlio mdogo wa “tik” unaofurahisha kuliko mchezo wenyewe.

Waya wa mota ya mkia ukikatika, safari ni kwa fundi simu, ambaye ataucheka mzigo kwanza, atalehemu, kisha ataomba airushe yeye. Supaglu inaruhusiwa kwenye mkia. Ikikaribia gia au shafti inapenya ndani na kugandisha kila kitu, na hapo mnakuwa na pambo la mezani. Betri iliyovimba haina dawa, iondoeni, na ile nzima isichajiwe mkiwa mmelala.

Droni ya mapanga manne imeinyang’anya soko, najua. Ile ukiachia vijiti inajisimamisha yenyewe, kompyuta yake imefikiri kwa niaba yako. Helikopta hii haikufanyii hisani hiyo. Ikikugeuzia uso, kushoto kwako kunakuwa kulia kwake, na watu wazima wenye shahada wameigonga kwenye jokofu kwa sababu hiyo. Ikianza kuanguka, kila mkono wa binadamu unataka kuongeza moto. Kinachokufaa ni kuuzima kabla haijagusa sakafu, maana panga lililosimama hupona na panga linalozunguka huvunjika.

Kwa hiyo anayeanza achukue hii ya seti mbili. Yenye seti moja tu, kama WLtoys V911, isubiri hadi aweze kuituliza ya kwanza katikati ya chumba na kuigeuza imtazame bila kukosea. Zile ambazo mapanga yake hubadili pembe hewani na kuruka kichwa chini ni za watu wenye mishahara miwili. Na ukienda kuinunua, iwe Kariakoo au kwingineko, usiulize inaruka dakika ngapi, wala usiiangalie picha ya vita iliyochorwa kwenye boksi. Uliza mapanga ya akiba, gia na mota vinauzwa wapi. Muuzaji akikuambia, “Bosi, hii haivunjiki,” rudisha pesa mfukoni uende duka la pili.