Raia Halali Alikuwa Runinga

Jana saa mbili usiku mtoto wa kidato cha pili alisimama sebuleni kwangu, akanitazama kwa huruma, akasema, "Anko, lete pini." Pini sina. Ikabidi ichomolewe kwenye ushungi wa mama yake, aliyekuwa mlangoni na majirani wengine waliokuja kuuliza mtandao umekwenda wapi.

Mtandao nilikuwa nimewafungia mimi. Waifai yangu haikuwa na nywila, na bando nalipa peke yangu. Sasa jirani akikuomba nywila utamnyima kwa uso upi? Ndipo nikagundua orodha. Orodha haiombwi.

Hapa nivumilie, maana jambo lenyewe tamu. Kila kifaa kina anwani iitwayo MAC: tarakimu na herufi 12, jozi sita. Jozi tatu za mwanzo ni ukoo, yaani kiwanda kilichokizaa. Tatu za mwisho ni zake mwenyewe. Ruta unaikabidhi majina kama bawabu wa ukumbi wa harusi: asiyeandikwa haingii. Nilikesha nikisoma koo za watu. Nikaandika runinga yetu, simu yangu na ya mke wangu, nikabonyeza kuhifadhi.

Wote wakatoka. Nami nikatoka.

Kumbe tangu Android 10 ya 2019 na iOS 14 ya 2020, simu hujibunia anwani ya bandia kwa kila waifai, isifuatiliwe nyendo. Utaijua kwa alama yake ya pili: ni 2, 6, A au E. Mimi nilinakili ile ya kuzaliwa. Bawabu akauliza jina, simu yangu ikataja jingine. Na kurekebisha orodha kunataka uwe ndani. Aliyebaki ndani ni runinga.

Mtoto akachomeka pini kwenye kitundu cha ruta, sekunde kumi, kila kitu kikafutika. Kisha akanieleza, polepole, kwamba hata ningepatia ni bure: anwani hizo hupita hewani bila kufichwa, mjanja huokota moja akaivaa. Basi kwa nini waliotengeneza ruta wameiweka orodha hiyo chini ya neno "usalama"? Mimi nimelipia ruta hiyo. Na bando likiisha, anayenigongea mlango kwa hasira ni yule asiyechangia hata shilingi mia.

Leo asubuhi nimeweka nywila. Kufika adhuhuri walikuwa nayo watu sita.

Pini iko juu ya ruta. Mwenyewe ameiulizia mara mbili, simrudishii.