Muulize Mama Mukubwa: Harusi Isiyo na Shangazi

*Mama Mukubwa, kwenye kibanda cha michezo hapa Kasongo nimeoa mara nne katika mchezo wa video wa Skyrim, kila nikianza upya. Navaa kidani cha Mara, naongea na mwanamke, anakubali, kesho yake harusi. Lakini baba zake mchumba wangu wa kweli wanadai mbuzi na pesa, na kila kikao kinazaa kingine. Mbona huku ni vigumu? — Bwana Arusi wa Mara Nne*

Mwanangu, mchezo huo wa mwaka 2011 una majoka, wachawi na wafu wanaotembea, na vyote nimeviamini. Kilichonishinda ni harusi isiyo na shangazi. Mke wako wa huko anafungua duka, anakupa vipande 100 vya dhahabu kwa siku, anakupikia, wala haulizi ulilala wapi. Huyo ni benki yenye sufuria. Hata Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa wa zamani, pamoja na bunduki zake zote, alimwambia chifu Kasongo Rushie wa Utetera kwamba wao ni ndugu, ndipo akaachiwa utawala. Wewe huna hata bunduki. Peleka mbuzi.

*Mama Mukubwa, mimi nachimba dhahabu huku Kabambare. Mdogo wangu anapiga sururu mara chache kwenye Skyrim, mfuko umejaa. Sasa ananiita mvivu. Nimjibu nini? — Mikono ya Malengelenge*

Usimjibu kitu. Mpe sururu, uende naye shimoni alfajiri. Kwake yeye mshipa ukikauka, anauacha siku kadhaa, akirudi umejaa tena. Kwenu shimo linataka miti ya kuzuia udongo, maji ya kuoshea na chakula cha kikosi. Na dhahabu ikifika kwenye mizani, PDG, yaani mkubwa wa shimo, ameshatoa chake, mwenye pampu chake, mwenye deni chake. Jioni muulize kama bado analikumbuka lile neno.

*Mama, bwana yangu amejenga nyumba ndani ya mchezo. Anachimba udongo, anapasua mbao, ametandika hadi vitanda vya yatima wawili aliowachukua kuwalea. Nyumba yetu inavuja. — Mama wa Ndoo Tatu*

Usimzimie genereta, utamfanya shujaa aliyeonewa. Ile nyongeza ya ujenzi ya Skyrim, Hearthfire ya mwaka 2012, imemfundisha kwamba kiwanja ni vipande 5,000 na bila misumari hakuna nyumba. Elimu hiyo usiiache ioze. Mwambie kuna kazi mpya: mabati matatu, misumari nusu kilo, tuzo ni wali kwa sombe. Akiuliza adui yuko wapi, mwonyeshe ndoo. Kisha mkumbushe kwamba yatima wa mchezoni hawakui kamwe. Wa kwake, Septemba ikifika, sare ya mwaka jana itakuwa imeishia juu ya magoti.

Wapendwa, waliotengeneza michezo hii wameiga jiko, duka, sururu na kitanda. Wakwe, wadai na watoto wanaorefuka wamewaachia nyinyi. Ndiyo maana kule kunapumzisha, na ndiyo maana hakuna anayeweza kuhamia.

Barua nyingine nileteeni mkononi. Kuandika, subirini mafuta ya genereta yaishe, hayachelewi.