Wakorea wa Baba Salma

Baba Salma alishaapa: nyumbani kwake hakuna DJ atakayesemea filamu tena. Lufufu alijijengea jina Dar kwa kuwatafsiria watu filamu za kigeni, na Wakenya wana DJ Afro wao. Mimi na mama mkwe hatukuwa na ugomvi na yeyote kati yao, ila mwenye nyumba alitaka kuwasikia Wakorea wenyewe. Akaja na Parasite ya Bong Joon-ho kwenye flashi, ile iliyotwaa Oscar ya filamu bora mwaka 2020, akachomeka laptopu kwenye televisheni.

Ikaja bila maandishi ya chini.

"Subiri kidogo tu, mama."

Ndani ya VLC, programu aliyochezea filamu, kuna kidude kiitwacho VLsub. Kinapima ukubwa wa faili, kinasoma kilobaiti 64 za mwanzo na 64 za mwisho, kisha kinauliza mtandaoni kama yapo maandishi ya faili lenye alama hizo. Hayakuwepo. Mwenye duka aliyemwekea filamu hiyo alikuwa amebandika tangazo lake mwanzoni, sekunde 40 za namba ya simu na singeli, alama ikavurugika. Ikabidi kutafuta kwa jina la filamu. Yakapatikana ya Kiingereza, yakaanza kusema huku singeli bado inarindima.

Sasa, kitufe cha H huchelewesha maandishi kwa milisekunde 50. Sekunde 40 ni mibonyezo 800. Baba Salma akabonyeza mpaka kidole kikamchoka, akampa Salma zamu. Chapati tulizimaliza hapo hapo.

Yakakaa sawa, kumbe kwa mwanzo tu. Faili letu lilikuwa la fremu 25 kwa sekunde, maandishi ya 23.976, na kila dakika iliyopita yalibaki nyuma sekunde mbili na nusu. Filamu yenyewe ni ya watu wanaojifanya wasio wao, kwa hiyo dereva kusema maneno ya tajiri hakukumshtua mtu. Lakini mtumishi wa zamani anapobonyeza kengele usiku wa mvua, maandishi bado yako sebuleni yanakunywa pombe!

"Huyu mgeni amelewa?" mama mkwe akauliza. Kiingereza chenyewe hasomi. Alikuwa akinisikiliza mimi nikimnong'oneza.

Programu ya Subtitle Edit ingebadilisha hizo fremu zote kwa mkupuo, Baba Salma akatutangazia, na bando likakata hapo hapo. Akahamishia faili la SRT kwenye simu. Ndani ni maandishi matupu: namba, muda, maneno. Akavuta kiti mbele ya televisheni, macho yake kwenye simu, akaanza kutusemea kwa Kiswahili. Tajiri, dereva, mtumishi, wote yeye, tena kwa mbwembwe.

Mama mkwe akasogea karibu.

"Mwanangu, yule mama tajiri sauti yake nyembamba. Hebu rudia."