Mwenyekiti, Ondoeni Mshahara Kabisa

Kwa Mwenyekiti,
Tume ya Mishahara na Marupurupu,
Nairobi.

KUH: MSHAHARA WA WAKUU WA FEDHA KATIKA KAUNTI

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Mimi ni seremala. Uhasibu sijausomea, lakini nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya fedha ya kaunti yetu siku nyingi mno, hata naijua kazi hiyo kuliko wenyewe. Angalau mimi huwa nipo.

Kifungu cha 230 cha Katiba nimekisoma. Mshahara wa waziri wa fedha wa kaunti mnaupanga nyinyi. Wa wahasibu wake mnautolea ushauri. Zikaja kanuni za mwaka 2015, zikasema mishahara na marupurupu yote ya kaunti yasizidi asilimia 35 ya mapato yake. Poleni kwa kazi. Ombi langu ni dogo: msihangaike na kikomo. Ondoeni mshahara wenyewe.

Si kijicho, ni huruma. Mshahara unawatesa watu hawa. Mkopo wa sacco umekata, wa benki umekata, bima nayo imekata, mpaka imebaki ile theluthi moja ambayo sheria imeilinda. Kwa theluthi hiyohiyo mkuu wetu amejenga nyumba ya ghorofa nne, na ya tano iko kwenye nondo. Jambo kama hili halitaki tume, Mwenyekiti, linataka ushuhuda kanisani.

Kisha kuna masurufu ya safari. Kanuni zinamtaka ayatolee hesabu ndani ya siku saba za kazi baada ya kurudi kituoni, la sivyo akatwe mshahara, na riba juu. Siku zinahesabiwa akirudi. Basi harudi! Akitoka Naivasha kwenye warsha ya kuandaa bajeti, anaunganisha Mombasa kwenye warsha ya kuipitia, halafu Kisumu, kujadili kwa nini bajeti haikutosha. Ukimpa kikomo cha mshahara mtu wa namna hii, ni kama kumfungia kuku mlango wa mbele na ukuta wa nyuma haupo.

Yangu ni haya. Niliwapelekea viti 60 vya chekechea, vya mvule, vilivyopigwa msasa mara mbili ili visichome mapaja ya watoto. Kiti chenyewe kinanifika gotini. Vilipokewa, saini ikapigwa, nikaambiwa nisubiri. Juni 30 ikikaribia, karani husema mfumo umelala. Julai ikiingia, husema mwaka wa fedha umekwisha, nianze upya. Watoto waliovikalia mara ya kwanza wamefika Gredi ya Nne. Vocha yangu ingali kwenye faili ya kijani, ina alama ya kikombe cha chai, na kila nikifika naambiwa mwenye kuisaini yuko warsha.

Ndiyo maana nasema mshahara uondoke. Mtu anayelipwa hana haja ya kufika ofisini, lakini asiyelipwa hufika alfajiri, na bahasha yake kwapani. Mkuu wetu akinyimwa mshahara atakuja kuudai, tutaketi pamoja, nami nitampa kalamu.

Nafasi ipo. Benchi hilo nililitengeneza mimi, na lenyewe halijalipwa.

Wako mtiifu,
Fundi wa viti vidogo