Baiskeli Sebuleni, Viatu Kwenye Kamba

Masika yakiingia Dar es Salaam, nyumba yetu ya Mbezi hupungua ukubwa. Sare za shule zinaanikwa kwenye viti vya kulia chakula, mkaa unahamia stoo, na baiskeli ya baba watoto inaingia sebuleni. Inafungwa kwenye stendi inayoshika gurudumu la nyuma, chini inatandikwa mpira ili jasho lisiharibu zulia, feni inamwelekea usoni, na anayetaka kuangalia taarifa ya habari atafute upenyo.

Tumekubali, kwa sababu Barabara ya Bagamoyo ikishajaa maji, mwendesha baiskeli haoni shimo na dereva wa daladala hamwoni yeye. Na safari anayoiandaa ni kubwa. Anajiandaa kwa Ironman 70.3 ya Rubavu, Rwanda, kando ya Ziwa Kivu, mashindano yaliyoanza kufanyika huko mwaka 2022. Mtu anaogelea kilomita 1.9, anapanda baiskeli kilomita 90, kisha anakimbia kilomita 21.1. Hakuna mapumziko katikati. Hata muda wa kubadilisha viatu unahesabiwa.

Ndiyo maana Jumamosi alfajiri hafanyi zoezi moja. Anaendesha baiskeli mpaka fulana inakamulika, anashuka, anavaa viatu vya mbio na kutoka mlangoni hapo hapo, kabla miguu haijapoa. Kinachofundishwa ni ule mpito wenyewe. Kwenye baiskeli tandiko ndilo linalobeba mwili. Mapaja yanasukuma kwa mzunguko, mgongo umeinama, na misuli ya mbele ya nyonga imejikunja muda wote. Ukishuka, ghafla mwili wote unatua juu ya mguu mmoja kwa kila hatua, na ile nyonga iliyojikunja inatakiwa inyooke. Dakika za mwanzo miguu inakuwa mizito, magoti yanalegea, na mtu hajui kama anakwenda kasi au anajivuta. Asiyeyazoea hayo nyumbani atakutana nayo siku ya mashindano mbele ya watu.

Basi barazani kwetu kuna sehemu yake ya kubadilishia. Viatu vinakaa vimepanuliwa midomo, vina kamba za mpira zisizohitaji kufungwa. Pembeni kuna kofia, taulo na chupa ya maji. Kila kitu kina mahali pake, ili mkono ukichukue bila macho kukitafuta.

Hapo ndipo mama mkwe alipofika kutoka Pangani.

Mama mkwe wangu ni mtu wa usafi na mtu wa mapema. Jumamosi iliyofuata aliamka kuswali, akatia vitumbua vyake motoni, maana mchele alikuwa ameuloweka tangu jana yake. Alipochungulia barazani akakuta viatu vimezagaa mlangoni pa mwanawe, na vinanuka. Akavichukua, akavisugua kwa sabuni na brashi, akavitundika kwenye kamba chini ya bati. Kisha akapiga deki kuanzia baraza hadi mlango wa sebule. Mimi nilikuwa chumbani nawaamsha watoto.

Nilichosikia kwanza ni mlio wa viatu vya baiskeli kwenye marumaru, ko-ko-ko. Viatu vile soli yake ni ngumu, na chini vina kipande cha kunasia kwenye pedeli. Kwenye sakafu yenye maji havishiki kitu. Nikasikia mpasuko, halafu kishindo. Nilipotoka, baba watoto alikuwa amekaa chini, pazia limemfunika kichwa, bomba lake limelala juu ya kochi, na sinia la vitumbua limemwagika mpaka chini ya baiskeli. Mwenyewe hakuumia. Alisimama, na aliposimama magoti yakaanza kucheza.

"Mwanangu!" mama mkwe akapiga ukelele. "Miguu imemwisha nguvu!"

"Mama, hii ni kawaida. Viatu vyangu viko wapi?"

"Kawaida gani hii, baba? Kaa chini!"

Hakukaa. Alichomoa raba za kijana wetu wa kidato cha pili, zinazombana kidogo, akatoka kwenye manyunyu. Mama mkwe akaniangalia, akajitanda kanga, na kabla sijamweleza lolote alishamwita kijana wa bajaji anayelaza chombo chake kwa jirani. "Mfuate yule, mjukuu wangu, ana homa ya kichwa." Nikapanda naye.

Tulimkuta si mbali. Mabega yamepanda mpaka masikioni, hatua fupi, nyayo zinapiga chini kwa uzito, kiuno hakinyooki. Mama mkwe alikuwa akisoma dua kwa sauti. Bajaji ikatembea sambamba naye, tukapita duka la dawa, tukapita kwa muuza mkaa. Pale kwenye kona ya msikiti mwili ulianza kubadilika. Mabega yalishuka kwanza. Kiuno kikanyooka, goti likaanza kuinuka, hatua ikarefuka, na mlio wa nyayo ukapungua. Mama mkwe akaacha dua. Akainama mbele, akaitazama ile miguu kwa makini. "Imerudi," akasema. "Miguu yake imerudi."

Ule ndio mpito wenyewe, na aliuona kwa macho yake.

Tuliporudi, juu ya vitumbua vilivyonusurika, aliuliza kila kitu. Mchezo huu umetoka wapi? Akaambiwa mashindano ya kwanza ya kisasa ya namna hii yalifanyika San Diego, Marekani, mwaka 1974, na yakaingia Olimpiki huko Sydney mwaka 2000. Kwa nini mwanawe hakuvua kofia ngumu ya baiskeli pale sebuleni? Kwa sababu kanuni inakataza kufungua kamba ya kidevuni kabla baiskeli haijatundikwa mahali pake, na mazoea hujengwa nyumbani. Alipotosheka akatoa uamuzi: kuanzia hapo baraza ni yake. Jumamosi asubuhi deki hapana, mtoto hapiti, viatu anavipanga yeye, na pembeni anaweka kikombe cha maji na tende.

Mpango huo umedumu mpaka leo, na kutokana nao nina neno kwa pande mbili. Mwanamichezo, waeleze watu wako kabla hujaanza: waambie miguu italegea, kwa nini italegea, na baada ya muda gani itarudi. Anza na dakika 10 za mbio baada ya baiskeli, taratibu, mara moja kwa wiki. Urefu utakuja wenyewe. Kwenye marumaru vua viatu vya baiskeli kabla ya kupiga hatua. Nawe unayeishi naye, muulize ratiba yake, kisha chukua kazi moja ndani yake iwe yako. Mtu mmoja ndiye atakayevaa namba kule Rubavu, lakini maandalizi yanapita sebuleni kwenu, na kila aliyemo ndani ana haki ya kuelewa kinachoendelea.